Kabla Hujaokota Jiwe: Wawindaji wa Angani Wanaotua Uani Kwetu

Haya ni mazungumzo niliyotoa Jumamosi pale Ujiji, Kigoma, kwenye mkutano wa wafuga kuku wa kienyeji pamoja na watoto wa klabu ya mazingira. Wengi mlikosa, kuna waliokuwa msibani na kuna waliokuwa Kibirizi wanasubiri dagaa, kwaiyo naweka yote kama nilivyoongea. Picha za ukutani nimeziacha.

Wazee wangu shikamooni. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na nyie watoto mliokaa kwenye mkeka hamjambo? Haya.

Nianze na swali, na naomba mnyooshe mikono bila aibu. Nani hapa hajawahi kuibiwa kifaranga kutoka juu? Naona mkono mmoja tu, na huyo mama namjua, hafugi kuku.

Swali la pili. Ni ndege gani aliyembeba?

Mnasema mwewe. Wote mwewe. Akipita mkubwa mwewe, akipita mdogo mwewe, akitua wa kijivu kwenye mchikichi mwewe, na jiwe limeshatoka mkononi. Sasa mimi nimekuja kuwaambia kitu kimoja tu leo, na nitakirudia mpaka mnichoke: ndege anavyowinda ndo kitambulisho chake. Usiangalie rangi, rangi inadanganya, ndege mchanga ana rangi yake na mzazi wake ana nyingine kabisa. Angalia anaingiaje. Anatokaje. Kabeba kwa nini, mguu au mdomo. Kaenda kulia wapi. Ukishayajua hayo unajua kama kifaranga wako yuko hatarini au unahangaika bure.

Mtauliza fundi cherehani kayajulia wapi haya. Mashine yangu mnaijua, iko barazani, mbele yangu kuna uwanja wenye mwembe, mipapai, michikichi mitatu na ukuta wa matofali wa jirani. Ukishona sare za shule shingo inauma, unainua kichwa, unaangalia nje. Darubini nilinunua mtumba, kitabu cha ndege nikaazimwa na mwalimu mmoja, basi. Nchi yetu ina aina zaidi ya 1,100 za ndege, mimi nawazungumzia hawa wachache tu wanaotua mbele ya cherehani.

Tuanze na huyo mshtakiwa mkuu, mwewe mwenyewe.

Mwewe hajifichi. Huyo anakuja waziwazi, anazunguka juu ya uwanja, mkia wake umegawanyika katikati na anausokota huku na huku kila anapokata kona. Mkubwa wa kwetu ana mdomo wa njano. Anashuka kwa kuteleza, ananyakua kwa mguu, hatui, anapanda tena, na mara nyingi anakula huku anaruka, mguu unapeleka mdomoni. Mmewaona Kibirizi na Katonga pale dagaa wanapoanikwa, si wanafanya hivohivo? Hakai chini hata sekunde. Kifaranga akipotea na uwanjani hakuna unyoya hata mmoja, hakuna tone la damu, kuku mama anazunguka tu anapiga kelele, hapo kweli mtaje mwewe, sitakubishia.

Kuna mtoto wa jirani alitumwa maandazi asubuhi, kayabeba kwenye sahani juu ya kichwa, kafika nyumbani yamepungua. Mama yake kamshika sikio, umekula njiani wewe. Mtoto analia anasema ndege kachukua, nani atamuamini? Mimi niliona kwa macho yangu, mwewe kapita nyuma yake kimya, kaondoka na andazi moja, mtoto wala hakusikia mpaka kivuli kimeshapita. Nikatoka na futi yangu shingoni kwenda kutoa ushahidi. Mnacheka, lakini angalieni mle ndani kuna somo: alitokea nyuma, mahali pa wazi, kwa kitu ambacho hakijafunikwa. Ndo mwewe huyo. Anapenda uwanja mweupe uliofagiliwa, hamna kichaka, hamna kivuli. Sisi tunaosifiwa kwa usafi wa uwanja tunamsafishia meza.

Na kuku wenyewe wanajua, tena wanajua kuliko sisi. Mliowahi kukaa na jogoo mtakubaliana na mimi, anapindisha kichwa, jicho moja linaangalia mbinguni, alafu anatoa sauti nyembamba ya kuvuta. Vifaranga wote chini, kimya, hawatikisiki. Sasa mlinganishe na kelele anazopiga akiona nguchiro au paka, ile kokoko ya fujo inayorudiwarudiwa. Ni sauti mbili tofauti, na wataalamu wa tabia za wanyama wamezipima kweli, moja ya adui wa juu na moja ya adui wa chini. Kwaiyo ukiwa jikoni hata usitoke nje, sikiliza kwanza. Nani kati yenu anamsikiliza jogoo wake? Tunamsikiliza saa kumi na moja alfajiri tu tena kwa hasira.

Dawa ya mwewe sio jiwe. Dawa ni kivuli. Panda hata vichaka viwili vitatu, weka tenga, na hapa Kigoma tuna bahati ambayo watu wa Tabora hawana, nyavu kuukuu za dagaa zimejaa, tandaza juu ya kibanda cha vifaranga mpaka watimize kama mwezi hivi, gharama yake ni kuomba tu. Hao wanaopaka vifaranga rangi ya zambarau wapake, mimi bado sijamuona mwewe aliyesusa chakula kwa sababu ya rangi.

Haya, tumtoe mwewe. Anakuja wa pili, na huyu wengi hamumuoni kabisa.

Huyu mdogo, urefu wake hauzidi sana futi ya darasani, mgongo wa kijivu, kifua kina mistari myembamba ya kahawia, dume ana jicho jekundu. Vitabuni wanamuita shikra, wazee wetu walikuwa wanawaita hawa wote kozi. Kozi hazunguki angani. Anakaa ndani ya majani ya mwembe, katulia, unaweza ukashona suruali nzima hujui kama yupo. Mabawa yake mafupi, mkia mrefu, ndo maana anaweza kupita katikati ya matawi bila kugonga. Anatoka mara moja tu, fyuu, kama kapata kapata na kama kakosa anarudi kukaa. Na jamani, anakosa! Watu tunadhani ndege mwenye kucha akirusha mguu lazima apate. Mara nyingi anakosa, mjusi kaingia kwenye ufa wa tofali, kozi kabaki ameng'ang'ania ukuta mabawa wazi, anaona aibu kama ndege anaweza kuona aibu.

Anachokula zaidi ni mijusi. Panzi. Ndege wadogo. Ana ndugu yake mnene kidogo, kooni kwake kweupe kuna mstari mmoja mweusi umeshuka katikati kama umechorwa na chaki ya fundi, huyo naye anakaa tu juu ya waya au tawi kavu anaangalia chini, anaona mjusi, anadondoka. Siku moja mzee mmoja jirani yangu katoka na manati, "Fundi, yule pale mwizi wa kuku wangu, usipige kelele." Kapiga, kakosa, ndege karuka na kilichokuwa mguuni kikaanguka. Tukaenda kuangalia wote wawili. Mjusi. Mjusi wa ukutani, mkia umekatika. Mzee kaangalia, kanyanyua manati, kasema "labda kuku alikula jana." Wazee wetu hawashindwi.

Kozi naye anaweza kubeba kifaranga mchanga sana, sitawadanganya, na wapo kozi wakubwa weusi na weupe wanaoweza kumuangusha hata njiwa au kuku mwenyewe. Lakini angalia ushahidi. Kozi hali hewani. Anapeleka mawindo kwenye kisiki au tawi nene, ananyonyoa kwanza, na chini pale unakuta manyoya yametawanyika duara, mazima, yameng'olewa moja moja. Ukikuta manyoya yametafunwa, yamelowa, hayo ya paka. Na kama kuku kapotea usiku? Hapo usiangalie juu kabisa, kuna kicheche, kuna nguchiro wa alfajiri, kuna na vijana wa mtaani, hilo tuliache.

Mkitaka kumuona kozi kabla hajatoka, muulizeni shore. Yule ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi anayekula mapapai yenu. Shore wakianza kelele zote kwa pamoja wameuelekea upande mmoja wa mti, kuna mtu mle ndani. Ni nyoka, ni bundi au ni kozi. Alafu anakuja mlamba, mweusi, mkia kama mkasi, huyo haogopi kitu, nimemuona anampiga mwewe mgongoni kutoka mwembe mpaka barabarani.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye michikichi, kwa sababu sisi ni watu wa mawese, na hapa ndo dhuluma kubwa inafanyika.

Mnamjua ndege mkubwa wa kijivu, mwembamba, kichwa kidogo, uso hauna manyoya, njano tupu? Kitabuni ni Polyboroides typus, mimi pale barazani nimempa jina Mpekuzi. Kazi yake ni kupekua. Anatua kwenye mti, anaingiza mguu kwenye tundu, kwenye ufa, nyuma ya gome, kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni huku anaangalia pembeni. Na mguu wake sio wa kawaida, kile kiungo tunachokiona kama goti kinakunja mbele na kinakunja nyuma, kinakwenda hata ubavuni kidogo, kwaiyo hakuna kona asiyoifikia. Popo, mjusi wa ndani ya gome, kinda, yai. Akichangamka, uso wake unageuka kutoka njano unakuwa mwekundu! Watoto, mkiona uso umewiva jueni kaona kitu.

Sasa mchikichi ukiwa na wale ndege wa manjano wanaosuka viota, minana, vile viota vinavyoning'inia kwenye ncha za makuti. Wamevining'iniza pale makusudi, nyoka akienda ncha inainama. Mpekuzi hajali. Anajirusha, analishika kuti kwa mguu mmoja, ananing'inia kichwa chini, mabawa yanapigapiga asianguke, na mguu wa pili umeshaingia kwenye mlango wa kiota mpaka gotini. Minana mti mzima wanalia, wanamvamia, wanamng'ata mkia, yeye anapekua tu. Anatoa kinda. Anakula palepale au anaruka nalo. Alafu cha pili. Mama mmoja aliyeleta kitambaa kwangu aliona akasema "huyo ndege hana huruma", akaokota jiwe.

Nikamwambia dada, subiri kwanza. Hiyo michikichi yako kule shamba nani anaichana majani? Kimya. Ni minana. Wanachana kuti vipande virefu vyembamba vya kusukia, na koloni likiwa kubwa mti unabaki mifupa, majani yote yameisha, sasa mti utatengenezaje chikichi bila majani? Tangu 2018 tunahimizwa kufufua zao hili, Majaliwa alikuja mpaka huku alipokuwa Waziri Mkuu, miche ya Tenera, ile michikichi iliyoboreshwa, inatoka kituo cha utafiti cha Kihinga, watu wamekopa pesa kupanda. Alafu anakuja ndege anayepunguza minana bure, halipwi, haombi hata maji, tunampiga mawe. Nauliza tena, tunampiga mawe kwa kosa gani?

Na yupo aliyedhulumiwa zaidi ya huyo. Yule tai mweupe, mabawa yana weusi, uso mwekundu mwekundu, anakaa kwenye michikichi ya kando ya ziwa asubuhi. Ukimuangalia utasema huyu anabeba mbuzi. Mnajua chakula chake kikubwa ni nini? Chikichi. Nyama ile nyekundu ya nje ya tunda, anachuna kwa mdomo ameshikilia tunda kwa mguu, mafuta yanamtiririka. Ni wa jamii ya tumbusi lakini maisha yake yanafuata mchikichi, anaongezea kaa, konokono na samaki wa ufukweni. Anaitwa Gypohierax angolensis kwa wale wanaopenda kugugo. Watoto wake ni wa kahawia, miaka inapita kabla hawajawa weupe, kwaiyo nao wanapigwa kwa jina la mwewe. Kuku wako wanaweza kupita chini ya mti wake wakaokota chikichi zilizodondoka, na wanaokota kweli.

Niende haraka kwenye kumbikumbi maana naona chai inaletwa.

Mvua za kwanza zikianguka, Oktoba kuelekea Novemba, kumbikumbi wanatoka, sisi na mabeseni yetu na taa, si ndio? Inueni vichwa jioni hiyo. Juu kuna ndege wadogo wenye mabawa marefu yaliyochongoka, wanakata hewa, wananyoosha mguu, wanadaka kumbikumbi, wanapeleka mdomoni hukohuko juu, hawatui. Hao ni jamii ya kipanga, na hao hawana habari na vifaranga vyenu hata kidogo. Wapo wanaofuata mvua kutoka mbali mno. Mmoja anaitwa Amur, kwa jina la mto ulioko mpakani mwa Urusi na China, anazaliana kule, alafu anapita India, anavuka Bahari ya Hindi mpaka Afrika Mashariki na kuendelea kusini. Uzito wake kama gramu 150. Nyanya mbili hizo!

Huko India kwenye jimbo la Nagaland kuna bwawa la Doyang, ndege hawa wanapumzika hapo kwa makundi makubwa, na wanakijiji, wavuvi kama sisi, walikuwa wananing'iniza nyavu za samaki kwenye miti wanawanasa kwa kula na kuuza. Mwaka 2012 picha zikatoka, makadirio yalikuwa zaidi ya laki moja kwa msimu. Mwaka uliofuata, 2013, kijiji cha Pangti kikakaa na makanisa na viongozi na watu wa uhifadhi, wakakubaliana, na msimu huo hawakunasa. Leo watu wanasafiri kwenda pale kuangalia tu. Wavuvi hao, nyavu hizohizo.

Na sisi hatuhitaji kwenda India kutafuta mfano wa kukaa na kuangalia. Gombe ni hapo tu, boti mnazijua. Julai 1960 Jane Goodall kafika pale, kakaa kilimani na darubini, sokwe wanamkimbia, kakaa tu, mpaka Novemba mwaka huohuo akamuona sokwe anachokoa mchwa kwa kijiti. Msimu huohuo wa kumbikumbi. Dunia nzima ikabadilisha mawazo kuhusu nani anatumia zana. Klabu za watoto alizoanzisha na wanafunzi wa Dar es Salaam mwaka 1991 ndo mama wa hii klabu yenu, watoto. Sasa yeye alitoka Uingereza. Nyie mmezaliwa hapa, uwanja mnao, kibaraza mnacho, mnakosa nini?

La mwisho kabisa, na hili sitanii. Sumu ya panya.

Bundi yule mwenye uso mweupe wa umbo la moyo anakaa kwenye dari, kwenye matundu ya miembe. Sikio lake moja liko juu kuliko lingine, kwaiyo sauti ya panya inafika kwa tofauti ndogo sana na anajua kabisa yuko wapi hata giza totoro. Manyoya ya bawa yana kingo laini, anapita kichwani kwako husikii. Anammeza panya mzima, alafu baadaye anatapika kitonge cha manyoya na mifupa. Nimewaletea hapa vitonge nilivyookota, watoto mtavivunja kwa kijiti baada ya chai mhesabu mafuvu, mtaona wenyewe bundi ana kazi gani. Hakuna jicho la kifaranga mle.

Sasa zile sumu zinazozuia damu kuganda haziui panya palepale. Panya anatembea siku kadhaa analegea, anayumba, anatoka mchana. Huyo ndo rahisi kumkamata. Bundi anamla, mwewe anamla, paka wako anamla. Umeua panya mmoja umeua na wakamata panya wote wa mtaa, msimu unaofuata panya wanarudi, wao wanazaa kila mwezi, bundi hawezi kwenda na mwendo huo. Tumieni mitego. Mkilazimika kuweka sumu, okoteni mizoga, mifukieni, msiitupe jalalani.

Basi, nilimalizia hapo, yakaja maswali. Mama mmoja wa nyuma akauliza, mwembe wake una tundu, bundi kazaa mle, usiku watoto wake wanakoroma kama mtu anakabwa, na mumewe ameshakodi msumeno, anasema ni uchawi.

Nikamjibu hivi: mwambie shemeji hiyo sauti ni ya makinda wanadai chakula, ndivyo walivyo, hawalii vizuri kama ndege wengine. Wanakaa kiotani kama miezi miwili tu kisha wanaondoka, asubiri hiyo miezi. Asubuhi aende chini ya mti aokote vitonge, avipasue mwenyewe, alafu aniambie uchawi gani unakula panya wengi hivyo, maana huo hata mimi nauhitaji kwenye stoo ya vitambaa.

Swali lingine lilikuwa la bei ya sare za Januari, hilo tulimalizana pembeni.